Safu ya Sababu

Barua ilitoka London, nasi tukaoshwa nyuso.
Bwana Pelling, karani, akaja na wino wake
na daftari refu kama kifuniko cha jeneza,
akaketi penye meza ya mkate, akapuliza vidole.
Wakubwa wanataka majina, alisema,
ya kila mtu mzima aliyekaa humu
miaka mitano au zaidi, mfululizo,
na sababu.

Safu ya jina ilikuwa pana. Ya miaka, ya kutosha.
Safu ya sababu: vidole viwili.

Obadiah Sneath, miaka kumi na minne: uzee.
Aliingia hapa na meno yote.
Mapacha wa Gedney, miaka ishirini na mmoja: kifafa,
ingawa aangukaye ni mmoja tu,
mwenziwe humshika kichwa.
Mimi, Keturah Voss, miaka tisa: mguu.
Sisemi uongo, mguu upo.

Mgeni siku mbili; ya tatu, jembe.
Hapa hawakungoja ya tatu.
Nguo zetu zilikuwa bado zinafungwa uzi na kubandikwa namba
tulipokabidhiwa kamba kuukuu za meli,
tuzichambue ukucha kwa ukucha, lami na nyuzi,
kamba za meli tusizopata kuziona,
za bahari ambayo hakuna aliyetuambia iko upande gani.

Kisha akaitwa Tryphena Cutbush.
Kitanda cha pili kutoka dirishani. Miaka thelathini na mmoja.
Hajui kusoma, lakini muulize shuka:
mia mbili na kumi na nne kila Jumatatu,
nani alikufa juu ya ipi, na doa lipi liligoma kutoka.
Mumewe alikaa nyuma ya ukuta, ua wa wanaume.
Miaka sita walijuliana hali kwa kikohozi
wakati wa sala: yeye mara mbili, mume mara tatu,
mpaka Jumapili moja zile tatu hazikuja.
Bwana Pelling hakuuliza hayo.
Aliandika: akili dhaifu,
akaupulizia wino ukauke.

"Nilitoka," akasema Tryphena.

Kalamu ikasimama.

"Mwaka wa theluji kubwa. Dada yangu alikufa.
Nilirudishiwa nguo zangu, zikanipwaya.
Nilitembea hadi ng'ambo ya daraja, nikakuta
wameshazika, wanakula.
Hakuna aliyenitambua. Nikapewa kitunguu, nikala,
nikarudi kabla ya kengele.
Langoni wakaniuliza jina,
nikawapa namba ya kitanda."

Nusu siku, akasema karani. Nusu siku si kitu.

"Umesema mfululizo."

Mama, nusu siku...

"Andika."

Tulinyamaza hata uji ukasikika ukiganda.
Bwana Pelling aliitazama barua, akautazama mlango,
akairudia barua: neno lile
lilikuwa limepigiwa mstari huko huko lilikotoka.
Akapitisha kalamu juu ya Tryphena Cutbush,
juu ya miaka yake thelathini na mmoja,
juu ya akili yake,
mstari mmoja, ulionyooka kama kamba ya kuanikia.

Basi mimi nilikwenda London kwa posta,
mimi na mguu wangu. Nadhani tuko rafuni mahali,
na mapacha, na Obadiah bila meno,
tumebanwa kurasa kwa kurasa, tunangoja mtu aulize.

Yeye alibaki. Jumatatu alikuwa penye pipa la kufulia,
akikamua shuka upande wake, nami upande wangu,
mvuke umetuficha hadi mabegani.
Alipofika ya mia moja akasema, wala si kwangu:
"Kilikuwa kitamu, kile kitunguu."